Pipa la mahindi na pembe za kuokota

Pembe ya kwanza sikuiona, niliikanyaga. Ilikuwa Februari, theluji imeyeyuka nusu, nami nilikuwa nafuata seng'enge ya jirani kutafuta nguzo iliyolala. Kitu kikanichoma kwenye soli ya buti. Nikainama nikidhani ni tawi kavu, nikalichomoa kwenye majani yaliyooza, kumbe nimeshika pembe ya ncha nne, kahawia kwenye shina na nyeupe huko juu, nzito kuliko inavyoonekana. Pale ilipokuwa imeshikana na kichwa palizungukwa na vinundu vidogo, na katikati kulikuwa na uso wa chengachenga, kama kipande cha sukari guru kilichomeguka.

Nikapiga picha, nikaituma kwenye kundi la WhatsApp la familia. Dakika kumi hazikupita, baba akapiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hiyo pembe umeitoa wapi?"

"Nimeiokota. Kwenye shamba la jirani."

"Irudishe ulikoitoa."

Aliyekulia Tanzania hahitaji maelezo. Kwetu ukisema pembe, neno linalofuata kichwani ni nyara za serikali. Sheria ya wanyamapori ya 2009 haikuulizi kama uliua au uliokota. Inakuuliza kibali kiko wapi. Baba amefuga ng'ombe mkoani Dodoma maisha yake yote na hajawahi kuchukua hata kipande cha mfupa wa mnyama wa porini. Nikamweleza kwamba hapa Missouri, Marekani, pembe iliyodondoka yenyewe ni halali kuiokota, mradi mwenye shamba ameridhia. Iliyo bado kwenye fuvu ndiyo yenye utaratibu wake, lazima umuarifu afisa wa uhifadhi. Akanyamaza kidogo.

"Mnyama gani huyo anavua pembe kama kofia?"

Swali zuri, na lugha yetu haitusaidii kulijibu. Tunasema pembe kwa ng'ombe, kwa tandala, kwa nyati, kwa kifaru, hata kwa jino la tembo, na neno hilohilo tunampa huyu ambaye wasomaji wa Zaburi wanamjua kama ayala. Pembe ya ng'ombe au ya swala ni gamba gumu, la jamii moja na kucha, lililovikwa juu ya mfupa ulio hai. Inaota mara moja na mnyama anakufa nayo. Ya ayala ni mfupa mtupu, na dume anaitengeneza upya kila mwaka. Barani Afrika jamii hii ya wanyama ina mwenyeji mmoja tu, ayala mwekundu wa milima ya mpakani mwa Algeria na Tunisia, ndiyo maana baba na mimi tulikuwa hatuna pa kuanzia.

Huyu wa Missouri, ayala mwenye mkia mweupe, anaanza kuota pembe mwezi wa nne hivi. Zinakua zimefunikwa na ngozi laini kama mahameli, imejaa mishipa ya damu, ukiigusa ni ya moto. Ikifika mwisho wa Agosti au Septemba mfupa umekomaa, ngozi inakauka, na dume anaisugua kwenye miti midogo mpaka itoke. Novemba ndio msimu wa kupandana, hapo pembe ni silaha. Baada ya hapo homoni ya testosteroni inashuka, na seli zinazokula mfupa zinaanza kutafuna mstari mwembamba kati ya pembe na kichwa. Siku moja dume anaruka seng'enge, au anatikisa masikio tu, pembe inabaki chini. Ya pili inaweza kufuata saa ileile au siku kadhaa baadaye. Kidonda kinatoa damu kidogo, kinafunga, na miezi michache mbele kazi inaanza upya.

Nilimweleza baba yote hayo. Akasema, "Haya. Lakini usiweke nyingi ndani."

Niliweka nyingi ndani. Kuokota pembe kunashika kama kamari. Ukipata moja unaamini ya pili iko nyuma ya kichaka kinachofuata, na mara nyingine ipo kweli, na hiyo mara moja inakugharimu Jumamosi sita. Mwaka wa pili nikaona kutembea kunanichosha, nikaja na akili ya kivivu: kama madume watakuwa wanakuja kwangu kila siku Januari na Februari, pembe zitadondokea kwangu. Kwa hiyo nikanunua pipa la kulishia.

Kwa ambaye hajaliona: ni pipa la plastiki juu ya miguu mitatu ya chuma, refu kuliko mtu. Chini yake kuna mota ndogo ya betri ya volti 6 na kisahani. Unatega saa yake, mimi nilitega saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni. Muda ukifika kisahani kinazunguka kwa sekunde chache na mahindi yanarushwa pande zote, kama mtu anayepanda ulezi kwa mkono. Wengine wanatumia hori tu, mahindi yanateremka yenyewe kadiri yanavyoliwa. Mbele yake nikafunga kamera ya porini, ile inayojipiga yenyewe kitu kikipita.

Wa kwanza kuja walikuwa kindi. Wa pili alikuwa rakuni, mnyama wa porini wa huku mwenye ukubwa wa paka mnene, na huyu nilimpenda licha ya hasara. Alipanda mguu wa pipa, akajining'iniza kwa miguu ya nyuma, akawa anakizungusha kisahani kwa mkono, taratibu, anakusanya mahindi kama mpangaji anayejaza ndoo bombani kabla mwenye nyumba hajaamka. Siku ya tano wakaja ayala. Majike na watoto wa mwaka ule, kisha dume mmoja mwenye ncha nane aliyewafukuza wote, akala peke yake, akaondoka, ndipo wakarudi kuokoteza. Nilikuwa naangalia picha hizo kila usiku kabla ya kulala. Mama Neema akaniuliza kama kuna mke mwingine kwenye simu.

Wiki ya tatu nikamkuta mtoto mmoja amekufa.

Alikuwa hatua kama sitini kutoka kwenye pipa, kando ya kijito, amelala ubavu, hana jeraha. Manyoya mazuri, mgongo haujakonda. Tumbo ndilo lilikuwa duara, limekaza kama ngoma. Nilisimama pale nikaanza kusikia ubaridi ambao si wa theluji, kwa sababu tumbo lile nilikuwa nalijua.

Nilikuwa na miaka tisa. Ng'ombe wetu mmoja, jike la mabaka, alivunja mlango wa ghala usiku akala mahindi mpaka asubuhi. Tulimkuta amesimama pembeni ya zizi anasaga meno, ubavu wa kushoto umetuna, hataki maji. Jioni alilala. Asubuhi ya pili hakuamka. Mimi nilikuwa nimezoea ng'ombe kufa wakati wa ukame, mifupa imetokeza, jambo lenye maana. Huyu alikuwa ameshiba. Baba alichosema ni, "Amekufa kwa shibe," akaenda kutafuta misumari ya kuutengeneza mlango.

Jirani yangu ni mwindaji wa miaka mingi, namwita Mzee, na yeye anadhani hilo ndilo jina la Kiswahili nililompa. Alikuja na kisu, akaifungua ile maiti pale pale. Tumbo la kwanza lilikuwa limejaa mahindi, mengi bado punje nzima, yanaelea kwenye maji maji ya kijivu. Harufu ilikuwa ya togwa iliyochacha. Sikumpeleka maabara, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini harufu ile na tumbo lile havikuniachia mlango wa kutokea.

Ayala anacheua, kama ng'ombe. Chakula chake hakimeng'enywi na yeye bali na vijidudu vilivyomo tumboni, na vijidudu hivyo hubadilika na msimu. Januari vinajua kazi moja, kuvunja vijiti, machipukizi, magome, majani makavu. Vinahitaji wiki mbili au zaidi kujipanga kwa chakula kingine. Ukivimwagia wanga wa mahindi kwa ghafla, wale wapenda wanga wanalipuka kwa wingi, wanatengeneza asidi, asidi inawaua wenzao, inachubua ukuta wa tumbo, inavuta maji ya mwili yaingie tumboni, kisha yenyewe inaingia kwenye damu. Mnyama anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu, na tumbo limejaa. Na hakuwa na njaa ya kutisha, hilo ndilo linaloudhi. Ayala wa baridi anapunguza mwendo wa mwili wake, anakula kidogo, anaishi kwa mafuta aliyojiwekea vuli. Mimi niliona amesimama kwenye theluji nikamhurumia kwa roho ya mtu wa Dodoma, ambaye akiona theluji anaona msiba.

Nililizima pipa jioni ile.

Kinachonisumbua mpaka leo ni kwamba mimi mtoto wa mfugaji ndiye niliyepaswa kujua. Baba hampi ng'ombe pumba bila kuanza kidogo kidogo. Anajua nani mgonjwa, anamtenga. Anajua nani anasukumwa na wenzake kwenye hori, anamlisha pembeni. Hori lenyewe analisafisha. Mimi nilichukua sehemu moja tu ya ufugaji, ile ya kumwaga chakula, nikaziacha zote zilizobaki, kisha nikajiambia hawa ni wanyama wa porini, watajijua. Ukishamfanya mnyama aje mahali uliposema, saa uliyosema, ale ulichochagua, umemfuga nusu. Na hiyo nusu aliyobakiwa nayo porini haitoshi kumlinda.

Halafu kuna mahindi yenyewe. Sisi tunajua sumukuvu. Mwaka 2004 nchini Kenya waliugua watu 317 wakafa 125, na 2016 ikaja kwetu, Dodoma na Manyara, mahindi ya ndani ya ghala la mtu mwenyewe. Mimi niliyekuwa nikimkemea mdogo wangu kwa simu asile mahindi yenye ukungu nilinunua gunia la chakula cha wanyama bila kulifungua nikanusa, nikalimwaga, punje zikalala kwenye tope lenye unyevu kwa siku kadhaa, zikageuka kijani. Bata mzinga wa porini walikuwa wanazidonoa hapo, na ndege ndio wanaoumizwa upesi na sumu hiyo.

Na ugonjwa. Mwaka 1967 huko Colorado, kwenye kituo cha utafiti, ayala waliofungiwa walianza kukonda, kudondosha mate, kuzubaa, kisha kufa. Ilikuja kujulikana kwamba ni ugonjwa wa prioni, wa ukoo mmoja na ule wa kichaa cha ng'ombe. Si bakteria wala virusi. Ni protini iliyojikunja vibaya na inayozikunja nyingine. Hauna chanjo wala tiba. Unapita kwenye mate, mkojo na kinyesi, na prioni zinaweza kukaa udongoni miaka. Kaskazini mwa Missouri ulithibitishwa kwa ayala wa porini mwaka 2012. Mnyama anaweza kuubeba mwaka na zaidi akiwa anang'aa, huku analamba punje kwenye tope lilelile waliloramba wenzake kumi na watano. Ndiyo maana kaunti yetu ilipoingizwa kwenye eneo la udhibiti, kumwaga nafaka, chumvi au madini kwa ajili ya ayala kukapigwa marufuku mwaka mzima. Kabla ya hapo sheria iliyokuwa ikitugusa ilikuwa ya uwindaji: huruhusiwi kuwinda penye chambo, na mahali panahesabika pana chambo mpaka zipite siku kumi tangu nafaka yote iondolewe. Watu walinung'unika sana juu ya marufuku. Mimi nilikuwa tayari nimeshalishusha pipa, kwa hiyo nilinung'unika kwa heshima tu.

Kuna watu wanafanya zaidi ya pipa. Mmoja alinishauri nizungushie mahindi waya au kamba za mpira, dume akiinamisha kichwa pembe ikwame na kung'oka. Mzee aliposikia alitema mate. Alishawahi kumkuta dume aliyefungwa pembe zote mbili kwenye waya wa namna hiyo, amejichosha mpaka amelala. Sina la kuongeza hapo.

Na pembe je? Nilipata tatu karibu na pipa msimu ule. Tatu. Mwaka uliotangulia, bila mahindi, kwa miguu, nilipata saba. Baadaye ndipo nikaja kuelewa kichekesho chenyewe: dume aliyeshiba vizuri na mwenye afya huzishikilia pembe zake muda mrefu zaidi. Anayedondosha mapema sana mara nyingi amechoka, ameumia au amekonda. Kwa hiyo nilikuwa nawalipa wachelewe.

Mahali ambapo kulisha na kuokota vimekaa pamoja kwa ukubwa ni Jackson, jimbo la Wyoming. Sikwenda kwa ajili ya hilo, tulikuwa safarini na watoto, lakini bustani ya katikati ya mji ina matao manne ya pembe za elki, ayala wa aina kubwa, mamia kwa mamia zimesokotana, na la kwanza lilijengwa 1953. Nje kidogo ya mji kuna hifadhi ya elki iliyoanzishwa 1912, baada ya mji na mashamba kukalia mabonde waliyokuwa wakishukia wakati wa baridi, nao wakawa wanakufa kwa njaa. Wakaanza kulishwa. Zaidi ya miaka mia moja baadaye bado wanalishwa, na mjadala wa namna ya kuacha ni mzito, hasa sasa ugonjwa wa prioni ulipofika maeneo hayo. Kila masika vijana wa skauti huokota pembe ndani ya hifadhi, zinanadiwa hadharani mwezi Mei, na sehemu kubwa ya fedha inarudi hifadhini. Neema alisimama chini ya tao akauliza hao wenye pembe wako wapi. Nikamwonyesha milima.

Huko Wyoming kuokota kuna msimu wake, katika sehemu kubwa ya magharibi ya jimbo ni mwiko kuanzia Januari mpaka mwisho wa Aprili. Sababu ni nzuri. Mnyama wa mwezi wa pili anahesabu mafuta yake kama mtu anavyohesabu unga kabla ya mavuno. Ukimkimbiza mara mbili tatu kwa siku kwa ajili ya kofia yake ya mwaka jana, umemwibia. Missouri hakuna katazo hilo, ila nimejiwekea langu. Siendi mpaka kamera inionyeshe madume wengi wamebaki vichwa vitupu, na nikiwaona wamelala nageuza njia. Ndani ya hifadhi za taifa, kama Yellowstone, huokoti kabisa, hata ukiikanyaga.

Siku hizi nafanya hivi. Nangoja siku ya mawingu baada ya mvua. Jua kali linafanya kila kijiti king'ae, lakini kwenye mwanga wa kijivu majani yaliyolowa yanakuwa meusi na pembe inatokeza peke yake. Naanza na miteremko inayotazama kusini, kwa sababu ndiyo inayopata jua la baridi na ndiko wanakolala mchana. Halafu sehemu wanaporuka seng'enge, utaijua kwa tope lililochimbika upande wa kutua. Kisha vivuko vya kijito. Mwisho kingo za mashamba ya soya na mahindi yaliyovunwa, nao wakulima wanakukaribisha kwa furaha, maana pembe iliyosimama kwenye mabua inapasua tairi la trekta, na tairi la trekta si la baiskeli.

Usitafute pembe. Hili lilinichukua miaka miwili. Ukitafuta pembe nzima macho yanapita. Tafuta mkunjo, au ncha moja, au rangi ya mfupa mahali ambapo hapapaswi kuwa na mfupa. Tembea hatua ishirini, simama, geuka uangalie ulikotoka. Nusu ya nilizopata nilikuwa nimeshazipita. Ukiipata moja yenye mwenzake, zunguka kwa duara linalopanuka, nenda taratibu, ujifanye huna haraka.

Usichelewe sana vilevile. Kindi na panya wanazitafuna kwa ajili ya madini, kalisi na fosforasi, na kufika mwezi wa tano unakuta ncha zimeliwa, shina lina michirizi ya meno sambamba kama limepitishwa kwenye tupa. Nilimsimulia baba hilo kwenye simu. Hakushangaa hata kidogo. Akaniambia nungunungu wa kwetu wanabeba mifupa mpaka shimoni kwao, na twiga hutafuna mifupa porini, alishawaona. Tukaongea nusu saa, simu ndefu kuliko zote tulizowahi kuongea tangu nihame, na yote ilikuwa kuhusu nani anakula mifupa.

Mwisho wa mazungumzo akaniomba moja, ya mpini wa kisu. "Ile ya kwanza," akasema, "uliyoikanyaga."

Mwaka jana nilipokuwa nafunga mizigo ya kwenda nyumbani niliitia kwenye begi, nikaitoa, nikaitia tena chini ya taulo. Mama Neema alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo za watoto.

"Baba Neema, pale uwanja wa ndege, huyo afisa utamwambia ni mnyama gani?"

"Ayala."

"Na akikuuliza ayala ni nani?"

Nikaitoa. Iko hapa mezani ninapoandika, juu ya bili za umeme, na kisu cha baba bado kina mpini wa mninga.